Krismasi Mji Mkongwe: Kwanza Hesabu Ngazi

Kwa sisi watu wa Moshi tunaoishi Dar es Salaam, likizo ya Desemba huwa haina mjadala. Shule zikishafungwa, kila mwenye nauli hupanda basi kwenda nyumbani, na siku ya Krismasi humkuta mgombani akila mtori na nyama ya mbuzi pamoja na ukoo mzima. Miaka miwili iliyopita tuliivunja desturi hiyo, tukamtoa mama yangu mzazi huko mgombani, tukavuka naye na watoto watatu kwenda Unguja. Baadhi ya ndugu hawajatusamehe hadi leo, lakini mwaka huu tunakusudia kwenda tena, safari hii kwa mipango iliyo bora zaidi.

Familia nyingi zinazokwenda Zanzibar mwezi huo huupa Mji Mkongwe nusu siku tu: wanashuka botini, wanapiga picha mbele ya mlango wenye nakshi, wananunua karafuu, kisha wanapanda gari kukimbilia hoteli za ufukweni Nungwi au Paje. Kwa maoni yangu huko ni kuipanga safari kinyumenyume, hasa kwa wanaosafiri na watoto. Bahari tunayo Dar es Salaam, tena Kigamboni unafika kwa kivuko. Mji wa namna ile hatuna, na kuuelewa kunahitaji kulala ndani yake, kusikia adhana ya alfajiri ikipokezana kutoka msikiti mmoja hadi mwingine, na kupotea katika vichochoro mara mbili au tatu mpaka watoto wenyewe waanze kukuongoza.

Ubaya ni kwamba nyumba za mji huo hazikujengwa kwa kuwafikiria bibi wenye magoti mabovu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake una kikomo, kwa hiyo vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa umeamuliwa na mti. Sisi tulikuwa tumeahidiwa kwa simu chumba cha familia chenye vitanda vinne. Kitanda cha nne kilikuwepo kweli, ila kilipotandazwa mlango haukufunguka tena. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya tatu, na ngazi zilikuwa za mbao, zimesimama kama za kupandia dari. Mama alisimama chini akiwa ameshika kitenge chake kwa mkono mmoja, akazitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kule juu kuna mtu anayemdai. Kwa siku tatu alipanda mara moja tu kwa siku, jioni, akisukumwa na wajukuu. Jambo la pili ambalo hatukuuliza mapema ni nyongeza ya sikukuu, kwani katika msimu huo baadhi ya nyumba za wageni huingiza katika hesabu chakula cha usiku wa mkesha, ule usile.

Krismasi yenyewe Unguja ni ndogo, na ndiyo sababu ninaipenda. Wakristo ni wachache kisiwani, maduka mengi hufunguliwa kama kawaida, na hakuna spika za nyimbo za sikukuu zinazokufuata mtaani. Kinachobaki ni ibada. Wakatoliki huenda Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu, nasi tulikwenda Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya Sultani Barghash kutia saini, mwezi Juni, mkataba uliolifunga soko hilo. Mbele ya altare kuna duara la marumaru linaloelezwa kuwa alama ya mahali pa nguzo ya kuchapia watumwa viboko, na nyuma ya altare amezikwa Askofu Edward Steere, aliyeshika kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili cha Unguja. Masimulizi ya kuzaliwa kwa Yesu yaliposomwa asubuhi ile, binti yangu alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwenye kaburi hilo, akiyasikia kwa lugha iliyookotwa katika mitaa ya mji uleule.

Vyumba vya chini ya ardhi vilivyo jirani ninashauri mtoto aliye chini ya miaka kumi asiingizwe kwa lazima. Mwongozaji atakuambia kwamba watumwa walifungiwa humo, ingawa wapo wanahistoria wanaohoji jambo hilo kwa kuwa jengo lililo juu yake ni la wamisionari. Sanamu za watu waliofungwa minyororo zilizo uani zinatosha kuanzisha mazungumzo, na mazungumzo hayo yalitufuata hadi bustani ya Forodhani, kwenye bakuli za urojo.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, la mwaka 1883, halikutufungukia. Sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi ya mwaka 2020 wakati wa ukarabati na kuua watu wawili, nasi tulilitazama kwa nje tukiwa na jambo zaidi la kuwaeleza watoto.

Kwa mwaka huu nimeanza kupiga simu tangu Agosti. Siulizi tena kama kuna kiyoyozi. Ninauliza chumba kiko ghorofa ya ngapi, kina upana wa hatua ngapi, na kama hamali anaweza kufikisha mkokoteni wa mizigo hadi mlangoni, maana gari haliingii kwenye vichochoro vile. Nyumba ya tatu niliyoipigia ina chumba cha chini kinachotazama ua wenye mkomamanga. Nilipompa mama habari hizo alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama choo nacho kiko chini.