Programu dhibiti za diski: tusasishe au tusiguse?

Kwenye vyumba vya seva kuna kambi mbili ambazo hazijawahi kupatana. Ya kwanza inasema mtambo wa kuhifadhi data ukishawaka na kutulia, usiuguse. Ya pili inasema kila mtengenezaji akitoa toleo jipya la programu dhibiti, ile inayokaa ndani ya diski na ndani ya kontrola (kifaa kinachosimamia diski za mtambo) na kuziendesha, iwekwe bila kuchelewa. Nimewahi kukaa kambi zote mbili, na kila moja iliniumiza kwa namna yake.

Nianze na wanaosasisha, kwa sababu wana ushahidi mzito. Novemba 2019 kampuni ya HPE ya Marekani iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski zake za SSD (zisizo na sahani inayozunguka) za aina ya SAS (muunganisho wa diski za seva) zina kasoro kwenye programu dhibiti. Zikitimiza saa 32,768 za kuwaka, zinakufa. Hazipungui kasi kwanza wala hazitoi onyo, na data iliyomo hairudi. Saa hizo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Anayejua hesabu za kompyuta akiiona namba hiyo hucheka kwa uchungu, maana kihesabio cha biti 16 chenye upande wa hasi huishia 32,767, na kikiongezewa moja tu hurukia namba hasi. Machi 2020 likaja tangazo la pili, la diski nyingine, na safari hii kikomo kilikuwa saa 40,000: miaka 4, siku 206 na saa 16.

Uzito wa jambo hili hauko kwenye diski moja kufa. Diski hufa kila siku, na ndiyo maana tuna RAID, inayozigawia data pamoja na ziada ya kutosha kuirudisha moja ikiondoka. RAID 5 inavumilia msiba wa diski moja, RAID 6 wa diski mbili. Lakini hesabu hiyo yote imejengwa juu ya dhana kwamba diski hazifi pamoja, kwamba ya tatu itakuwa na adabu ya kusubiri mpaka ulete mbadala na data ijengwe upya. Diski zilizowashwa asubuhi moja zina saa zilezile. Tangazo la HPE lenyewe lilionya kwamba zilizoanza kazi pamoja huenda zikafa karibu kwa wakati mmoja. Hapo RAID haina la kusema.

Sasa tazama tunavyonunua sisi. Zabuni moja, gari moja linaleta maboksi, fundi anafunga diski 24 alasiri moja, namba zake zinafuatana kama tiketi za basi, halafu mkubwa anabonyeza swichi watu wakipiga picha. Hakuna aliyekosea, ndiyo taratibu. Hata umeme wetu wa kukatikakatika hausaidii: mgao unapunguza saa za diski kweli, lakini unazipunguzia zote sawasawa.

Kwa kasoro ya namna hiyo, anayesema "usiguse" hana utetezi. Kila saa mtambo unapofanya kazi vizuri ndivyo unavyokaribia mwisho wake.

Ila sasisho nalo linawekwa na watu. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti, mafaili kama milioni 34, ya vikundi 14. Vikundi 4 kati ya hivyo havikuwa na pa kuzirudishia. Kilichofuta hakikuwa diski mbovu wala mdukuzi. Mtoa huduma, HPE haohao, alirekebisha skripti (orodha ya amri) ya bakapu, yaani ya kutunza nakala za akiba, iliyokuwa na kipengele cha kufuta logi (kumbukumbu za matukio) zilizopita siku 10. Toleo jipya liliwekwa juu ya lile la zamani likiwa bado linakimbia. Ganda la Linux, programu inayopokea na kutekeleza amri, husoma skripti kidogokidogo kadiri linavyoitekeleza, kwa hiyo katikati ya safari likaanza kusoma maneno mapya, jina la folda ya logi likawa tupu, na amri ya kufuta ikageukia data yenyewe. Kampuni ilikubali kwamba kosa ni lake kwa asilimia 100. Na hiyo ilikuwa programu ya bakapu, ile tunayoikimbilia siku ya balaa.

Mwezi uliofuata, Januari 2022, zikaja habari za DeadBolt, programu ya utekaji iliyofunga data kwenye vifaa vya kuhifadhi data vya kampuni ya QNAP vilivyokuwa vinafikika moja kwa moja kutoka intaneti, ikidai bitcoin 0.03 kwa kila mwathirika. QNAP wakaamua kusukuma sasisho kwa lazima. Vifaa vingi vilizibwa tundu. Lakini wapo waliokuta seva zao zimepoteza muunganisho wa iSCSI (njia ya seva kufikia diski kupitia mtandao), na wapo waliokuwa wameshalipa fidia ambao sasisho liliwafutia programu ile ya kufungulia mafaili yao. Siwalaumu sana QNAP. Mimi ningekuwa mahali pao sijui kama ningelala bila kusukuma.

Ya kwangu ni ndogo kuliko hizo, ila naikumbuka zaidi. Ni taasisi ambayo sitaitaja. Mtambo ulikuwa na kontrola mbili, A na B. Utaratibu wa kusasisha ni kwamba A inapumzishwa, kazi zake zinahamia B, A inawekewa toleo jipya na kurudi, kisha zamu ya B. Kwenye karatasi hakuna mtumiaji anayehisi chochote. Tukaanza Jumamosi saa nne usiku. Dakika chache baada ya A kuzimika, seva ya mishahara ikapiga kelele kwamba haina diski.

Nikazunguka nyuma ya kabati na tochi ya simu. Seva ile ilikuwa na nyaya mbili, kama inavyotakiwa. Nikazifuata kwa kidole kutoka nyuma ya seva hadi kwenye mtambo. Zote mbili zilikuwa zimechomekwa kontrola A, mlango wa 1 na mlango wa 2, zimefungwa vizuri kwa vibanio vya plastiki. Kwa miaka miwili taa mbili za kijani zilikuwa zinatudanganya kwamba tuna njia mbili.

Mzee aliyekuwa zamu alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Mwanangu, si nilikwambia? Kitu kinatembea, wewe unakitafutia nini?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Tulimaliza kukagua mafaili ya seva ile alfajiri. Baadaye nilijijengea jibu kwamba sasisho halikuharibu kitu, lilifichua tu kilichokuwa kimeharibika tangu siku ya kufungwa. Kontrola A ingekufa yenyewe tarehe ya mshahara, ingekuwa vilevile, tena bila mtu chumbani. Ni jibu sahihi. Lakini mzee naye alikuwa sahihi kwa upande wake: amri ya multipath -ll, inayoorodhesha njia za seva kwenda kwenye diski, ukilinganisha anwani za milango, ingenionyesha kasoro ile mchana kweupe, kabla sijagusa chochote. Niliingia kusasisha mtambo ambao sikuwa nimeukagua.

Ukizipanga kesi hizi, ugomvi wa kambi mbili unaanza kuonekana umekaa mahali pasipo pake. Wasiogusa wanaacha diski zote zitembee pamoja kuelekea saa ileile. Wanaosasisha wanaweka kitu kipya kila mahali usiku mmoja. Wote wanafuta ile tofauti kati ya diski na diski, kontrola na kontrola, ambayo ndiyo inayotulinda.

Kuna anayesema basi tusasishe kwa mafungu: kabati moja leo, lingine baada ya wiki tatu. Nakubaliana naye, ila isisemwe kwamba ni bure. Watengenezaji wengi hawapendi matoleo mawili yakae kwenye mtambo mmoja, na ukiwapigia simu ukiwa na tatizo, swali la kwanza ni kwa nini matoleo hayafanani. Pia mafungu hayafai kwa kila kitu. Tundu la usalama kwenye ukurasa wa usimamizi wa mtambo huwezi kuliacha wazi wiki tatu kwa sababu ya busara. Hilo naziba siku ileile, na ukurasa wenyewe sijawahi kuona sababu ya kuuweka kwenye intaneti. Programu ya ndani ya diski ni habari nyingine. Naacha wengine watangulie mwezi mmoja, miwili, isipokuwa tangazo likitaja kupotea kwa data. Likitaja, naanza na diski zenye saa nyingi, nikiwa na bakapu niliyoijaribu kuirudisha kwa mkono wangu.

Siku hizi ndani ya mlango wa kabati nimebandika karatasi yenye safu nne: nafasi ya diski, namba yake, saa ilizowaka, toleo la programu. Naijaza kila mwisho wa mwezi kwa kalamu. Mwezi uliopita niliomba diski 24 za kabati jipya, nikaandika zije 12 sasa na 12 baada ya miezi sita. Dada wa ununuzi akanirudishia fomu: bei ya pamoja ni nafuu, kaka, kwa nini unataka kutupa hela? Nikamshusha hadi chumba cha seva, nikamfungulia mlango wa kabati. Alisoma safu ya tatu, juu hadi chini. Diski 24, zote na saa zilezile, zimepishana kwa dakika.

Fomu bado iko mezani kwake.