Adui wa zege la nyumbani ni maji

Ukitaka kujua kwa nini chipsi mayai za nyumbani, yaani zege, zile zinazoitwa "za afya", huishia kubaki sahanini, angalia kikaango kabla mayai hayajamwagwa. Chini kuna majimaji. Mpishi amepunguza mafuta, ameongeza mboga, ametia chumvi mapema ili ikolee, na sasa kila kitu kinachemka wakati yeye anadhani anakaanga. Mayai yakiingia humo hayashiki. Yanageuka uji wa njano, na kesho yake watoto wanaomba hela ya kibandani.

Lawama zote huangukia mafuta: "nimeweka kidogo ndiyo maana." Sikubaliani. Vijiko viwili vya chakula vinatosha kabisa zege la watu wawili, na likatoka na rangi. Kinachoharibu ni maji. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80, kabichi na hoho zaidi ya asilimia 90, nyanya ndiyo usiseme. Kadiri unavyoongeza mboga ndivyo unavyomimina maji kikaangoni, na maji yakiwemo joto halipandi zaidi ya nyuzi 100. Rangi ya kahawia na ile harufu inayomwita mpita njia haziji mpaka uso wa chakula ukauke na joto livuke nyuzi 140 hivi.

Muuza chipsi hana shida hiyo. Karai lake lina mafuta tele yaliyochemka, kiazi kikizama maji yanatoka kwa kelele, ngozi inakauka. Chipsi zinakaa kwenye kabati la kioo, mteja akija zinarudi kwenye kikaango chenye mafuta mengine, yanagongwa mayai mawili, kazi imekwisha. Yaani zimepita kwenye mafuta mara mbili, na mboga ni kachumbari ya pembeni inayotosha kijiko. Sina ugomvi naye, anauza kile tunachokwenda kununua. Ila ladha yake inatokana na ukavu na joto, na vyote viwili vinapatikana kwenye kikaango kimoja cha nyumbani ukijua mpangilio.

Tanga hatuna kisingizio cha mboga. Karoti, kabichi, hoho na viazi vinateremka kutoka Lushoto kupitia Mombo na Korogwe, na ukiwahi sokoni Mgandini asubuhi unavikuta vingali vigumu. Kwenye viazi, sugua ganda kwa kidole gumba. Likichubuka kirahisi, kiazi hicho kimechimbwa kichanga na kina maji mengi na wanga kidogo, kitachelewa kupata rangi. Chenye kijani kikate kwa kina sehemu hiyo, na kama kijani kimeenea kitupe, kwa sababu kinaambatana na sumu ya solanini ambayo haiondoki kwa kupika. Wala usiweke viazi kwenye friji. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, na siku ya kukaanga vinaungua nje ndani vikiwa vigumu.

Vipimo ni vya kikaango cha sentimita 26 chenye mfuniko, watu wawili wenye njaa: viazi gramu 400, yaani vinne vya wastani, kitunguu maji kimoja, karoti moja kubwa, hoho moja, kabichi iliyokatwa nyembamba viganja viwili vilivyojaa, mchicha uliochambuliwa kiganja kimoja, punje mbili za kitunguu saumu, mayai manne, mafuta vijiko viwili vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga. Ukiacha viazi, mboga hizo zinakaribia gramu 450. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu kwa siku, na viazi havihesabiwi humo, kwa hiyo kila mlaji amepata nusu ya siku yake kwenye sahani moja. Mkiwa wanne usirundike mara mbili kwenye kikaango hichohicho. Pika awamu mbili. Kurundika ni kupika kwa mvuke, tunarudi kulekule.

Sasa viazi, maana hapa ndipo zege linapopona au linapokufa. Kata vipande vya mraba vya sentimita moja. Najua chipsi ni ndefu, lakini ndefu zinavunjika wakati wa kugeuza na hazilali sawasawa kwenye kikaango chenye mafuta machache. Kipande cha namna hiyo kina pande sita na kila upande unaweza kugusa chuma. Suuza mara mbili mpaka maji yaache kuwa meupe. Ule weupe ni wanga wa juu, na ndio gundi inayokwamisha viazi kwenye kikaango. Chuja, kausha kwa kitambaa safi.

Halafu fanya jambo linaloonekana kinyume na yote niliyosema: weka maji. Viazi kikaangoni, mililita 100 za maji (chini kidogo ya nusu kikombe cha chai), kijiko kimoja cha mafuta, robo kijiko cha chai cha chumvi, funika, moto wa wastani kwenda mkubwa, dakika sita. Maji haya yana kazi moja na mwisho wake unajulikana. Yanaivisha kiazi mpaka katikati, jambo ambalo vijiko viwili vya mafuta haviwezi kulifanya kabla nje hakujaungua. Dakika ya sita choma kipande kwa ncha ya kisu: iingie kwa kubanwa kidogo. Ondoa mfuniko. Maji yaliyobaki yatakauka ndani ya dakika moja au mbili, na utasikia sauti ikibadilika kutoka kububujika kuwa kuchachatika. Sauti hiyo ni ya mafuta kubaki peke yake na viazi. Kuanzia hapo tandaza viazi safu moja na uviache. Dakika mbili kamili bila mwiko. Mkono unaokoroga kila sekunde ndio unaovunja ngozi kabla haijaganda, vipande vinasagika na kushika chini. Kiazi kilichopata ngozi kinajiachia chenyewe. Geuza, acha dakika mbili tena, geuza mara ya mwisho, kisha vimimine kwenye sahani mtakayolia.

Kikaango kisioshwe. Nusu kijiko cha mafuta, moto mkubwa, kitunguu na karoti iliyokatwa vijiti vyembamba, dakika mbili. Karoti iliyokwaruzwa inatoa maji haraka, vijiti vinavumilia. Hoho na kabichi zifuate, dakika tatu, ukigeuza kwa haraka. Mboga hizi usizitie chumvi sasa. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya mboga, na ukiitia mwanzoni utaona dimbwi kabla hujafunga kopo. Inawekwa mwisho, ndani ya mayai. Ukiona mvuke mwingi na hakuna sauti, moto ni mdogo au kikaango kimejaa. Sogeza nusu ya mboga kwenye sahani, maliza nusu, urudishe. Kitunguu saumu kilichopondwa na mchicha viingie dakika ya mwisho kabisa. Mchicha uwe umeoshwa mapema na kukung'utwa kwelikweli, ukatwe mwembamba. Mchicha unaodondosha maji unatosha peke yake kuharibu kazi yote ya nyuma.

Nyanya haiingii kikaangoni. Nafahamu wapo wanaoona zege bila nyanya ni kavu, na nyanya ya kukaanga na kitunguu ni nzuri sana kwenye mchuzi. Hapa nafasi yake ni kwenye kachumbari.

Piga mayai manne na robo kijiko cha chumvi iliyobaki na pilipili manga. Maziwa hayahitajiki, ni maji mengine. Rudisha viazi, changanya na mboga, sawazisha, nusu kijiko cha mafuta kilichobaki kizungushie pembeni, punguza moto uwe mdogo, ndipo umwage mayai ukianzia ukingoni kwenda katikati. Tikisa kikaango yashuke chini. Funika, dakika nne. Mayai huganda kwenye nyuzi 60 na kitu mpaka 70, hayahitaji moto wa viazi. Moto mkubwa unayakamua mpaka yanakuwa mpira na kutoa maji yake. Juu pakiacha kuteleza, kata zege robo nne kwa mwiko na ugeuze kila robo peke yake, dakika moja na nusu. Kugeuza lote zima kwa sahani kunapendeza kwenye picha, lakini hapa mboga ni nyingi kuliko yai na litakatikia hewani. Anayetaka duara zima linaloteleza aongeze yai la tano au apunguze kabichi nusu. Mayai ya kienyeji ni madogo, hesabu matano kwa manne.

Ukijumlisha kukata, ni kama dakika 35 kwa mkono wa kawaida. Nikipiga hesabu ya viazi, mafuta, mayai na mboga napata kama kalori 480 kwa mtu.

Kuhusu vyombo. Frampeni nyembamba ya alumini inaungua katikati na kubaki baridi pembeni, basi izungushe robo duara kila dakika. Ya chuma kizito inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa, kwa hiyo iondoe jikoni nusu dakika kabla ya kumwaga mayai. Isiyoshika ni rahisi zaidi kwa anayeanza, ila usiiache tupu kwenye moto mkubwa. Kwenye jiko la mkaa mpangilio huu unafaa sana, kwa sababu moto wa mkaa ni mkali mwanzoni, wakati wa viazi na mboga, halafu unapungua. Usipopungua kwa wakati, toa makaa mawili matatu au yafunike kwa majivu kabla ya mayai.

Wapo watakaosema bado si ya afya, ondoa mafuta kabisa, tumia ute mweupe tu, badilisha viazi kwa koliflawa. Kila mtu na daktari wake, na mwenye kisukari au presha amsikilize wake kabla ya kunisikiliza mimi. Lakini kwa mtu mzima asiye na shida hiyo, kiini cha yai na vijiko viwili vya mafuta vina kazi mwilini: vitamini A ya karoti na mchicha hufyonzwa vizuri ikipata mafuta kidogo. Na zege lisilo na kiazi ni mboga za kukaanga na yai. Chakula kizuri, ila usimwambie mtoto kwamba ni zege, atakukamata.

Viazi vikikosekana, muhogo unafaa ukiwa umechemshwa ukaiva na kupoa tangu jana. Ukiwa mbichi unahitaji kuchemshwa vizuri kwanza, na hapo habari ya kikaango kimoja imekwisha. Toa mizizi ya katikati, kata mraba, ruka hatua ya maji, anza na mafuta. Viazi vitamu vina sukari, punguza moto na usimame karibu. Bilinganya sishauri, inakunywa vijiko vyote viwili vya mafuta na kudai cha tatu. Matembele na kisamvu havikai hapa, kisamvu hasa kinataka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu.

Kachumbari ndiyo inayobeba unyevu wote tuliouzuia kikaangoni. Kitunguu chembamba kilichooshwa kwa maji na chumvi, nyanya mbili zilizotolewa mbegu, tango, kotimiri, pilipili mbuzi, ndimu nzima. Msimu wa embe bichi, kwaruza moja humo. Ndimu usiibanie: vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mchicha, na uchachu wake unafunika upungufu wa chumvi. Tomato ya chupa ina sukari na chumvi nyingi. Ukwaju uliolowekwa, ukachujwa na kutiwa pilipili na chumvi kidogo unafanya kazi hiyohiyo kwa raha zaidi. Kachumbari ikae bakuli lake. Ukiimwaga juu ya zege kabla ya kupeleka mezani, ngozi ya viazi inalainika kabla mtu hajanawa mikono.

Kiporo hakina heshima sana. Usilifungie kwenye foili likiwa la moto, litatoka jasho. Kwa joto la Tanga la Januari lisikae mezani zaidi ya saa moja kabla ya kuingia friji, na kesho lipashe kikaangoni bila mafuta wala mfuniko, moto mdogo, mpaka liwe moto hadi katikati na usikie tena ile sauti ya kuchachatika.