Kununua umeme nje huku tuna Rufiji

Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza kuwa Tanzania itanunua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, hapa Mwanza nako watu waliuliza: Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye megawati 2,115, tulilijenga la nini? Swali hilo ni la haki, kwani bwawa limejengwa kwa fedha za wananchi, lakini linachukulia kwamba umeme ukishazalishwa Rufiji umekwisha kumfikia mteja popote alipo.

Moshi na Arusha ziko mbali na Rufiji, na kila kilometa ya waya hugeuza sehemu ya umeme kuwa joto. Mkondo ukiongezeka maradufu katika waya uleule, kinachopotea huwa mara nne. Serikali ilitaja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka kwa Kaskazini peke yake, fedha ambazo haziwashi taa ya mtu yeyote. Sisi wa Kanda ya Ziwa, tulio mwisho wa njia ndefu inayopitia Singida na Shinyanga, tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Umeme ukishuka nguvu jioni, hata kama transfoma ya mtaani nayo inachangia, kompresa ya friza la sangara hunguruma bila kuwaka, na mwenye mzigo hukimbilia kununua barafu.

Tena jambo lenyewe si geni. Bukoba imetumia umeme wa Uganda kwa miaka mingi, na megawati 80 za Rusumo, katika Mto Kagera, hugawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Wanaopinga wana hoja nzito moja, nayo ni kwamba hitilafu huvuka mpaka. Septemba 2024, njia ya umeme ya Loiyangalani hadi Suswa ilipokatika nchini Kenya, muunganiko na Ethiopia nao ulijizima na sehemu kubwa ya Kenya ikaingia gizani. Njia ya msongo wa kilovoti 400 kati ya Isinya, Kenya, na Singida sasa inatuunganisha na mfumo huohuo.

Hoja hiyo, kwa maoni yangu, inadai kanuni imara, haidai kujifungia. Umeme wa Ethiopia utapita Kenya, kwa hiyo lazima mkataba useme Kenya italipwa tozo gani ya kuupitisha, nani atabeba upotevu wa njiani, na nani ataweka akiba ya megawati za kuziba pengo mtambo wa jirani ukizimika ghafla. EAPP, ushirika wa umeme wa kanda tuliojiunga nao mwaka 2010, una kanuni za pamoja za gridi. Utekelezaji wake hutegemea mamlaka ya udhibiti wa nishati ya kila nchi, na kwetu ni EWURA. Bilioni 32 tumezisikia. Bei ya Ethiopia, tozo ya Kenya na upotevu wa njiani navyo viwekwe hadharani kwa shilingi, ili mwananchi azilinganishe hesabu hizo mbili mwenyewe.