Kalori Chache, Baba Wawili

Mizani iliposimama kwenye kilo 96, muuza duka la dawa aliniambia "pole" kwa ile sauti ya msibani. Msiba wenyewe ulikuja baadaye.

Mimi ni karani wa mizigo, na kazi yangu kubwa ni kukaa. Halafu nakaa Tanga, mji usiomsaidia mtu kukonda. Ukitoka kwangu Chumbageni asubuhi unapokelewa na vitumbua. Ukivikwepa, kuna bajia. Jioni mihogo ya nazi inakungoja na samaki wa kupaka pembeni, na wenyeji hawaelewi kabisa mtu anayesema ameshiba. Ukikataa sahani wanauliza kama mmegombana.

Kijana mmoja wa kazini akanipakulia programu kwenye simu. Unaiandikia umri, urefu, uzito na haraka uliyo nayo, inakupangia kalori za kula kwa siku. Penye haraka nilibonyeza ya mwisho kabisa. Ikaniandikia 1,200. Ilikuwa na ukarimu kidogo lakini: kila nikitoka kukimbia inaniambia nimechoma kalori kadhaa, kwa hiyo naruhusiwa kuongeza chakula. Mwenzangu wa mchakamchaka akaniwahi.

"Hizo ulizochoma usizirudishe, ndugu yangu. Ukizila, umekimbia bure."

Bwana huyu hukimbia amejifunga mfuko wa nailoni tumboni ndani ya traki suti, kwenye joto la Tanga, mwezi wa pili. Mtu wa namna hiyo akisema jambo, unamsikiliza.

Basi nikawa nakimbia kutoka Chumbageni, nashika Barabara ya Hospitali, napita Bombo, mpaka Raskazone, halafu narudi. Ni kama kilomita saba. Nikifika nyumbani, yai la kuchemsha na matango. Mchana kipande cha samaki na mchicha usioonja nazi. Usiku naangalia simu, naona sijafika hata hizo 1,200, nimeishia 1,000, nalala na furaha ya mtu aliyelipa deni kabla ya siku yake.

Kilo za mwanzo ziliporomoka haraka. Kazini wakaanza kuniita modo. Hakuna aliyezungumzia yale mambo mengine, kwamba nimekuwa na hasira za kipuuzi, kwamba nasikia baridi saa nane mchana, kwamba nasoma namba ya kontena mara tatu na bado naikosea. Usiku mmoja mke wangu alishtuka akaona mwanga wa simu chini ya shuka. Akajua tayari kuna mwanamke. Akainyakua. Mwanamke alikuwepo kweli, mtu mzima, anageuza biriani kwenye sufuria kubwa, nami nilikuwa nimemrudia tangu mwanzo mara kadhaa kwa sababu ya pale anapomwaga vitunguu vya kukaanga.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba sikuwa wa kwanza. Mwaka 1944 huko Minnesota, Marekani, mtaalamu aitwaye Ancel Keys alichukua vijana 36 waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa muda wa miezi sita ili ajue njaa inamfanya nini binadamu. Walitakiwa pia kutembea kilomita 35 hivi kila wiki. Wakawa wakali, wakawa wanasikia baridi, na wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi wakivisoma kama riwaya. Hapo nikacheka. Kisha nikaona kiasi walichokuwa wakipewa: wastani wa kalori 1,570 kwa siku. Wale walioteswa kwa ajili ya sayansi walikuwa wanakula kunizidi.

Sasa, Jumapili ya mkasa. Niliamka nikanywa chai ya rangi isiyo na sukari, nikatoka. Raskazone nikaenda, nikarudi, na kwa kuwa mwili ulionekana mwepesi nikajiongezea mzunguko wa Ngamiani. Ngamiani mitaa inaitwa kwa namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, na ndiyo dalili ya kwanza niliyoipata: nikawa siwezi kuzihesabu. Niko ya 12 au ya 13? Kijasho chembamba cha baridi kikanitoka. Mikono ikaanza kutetemeka. Miguu ikawa inakwenda, ila haikuwa ikinishauri.

Halafu upepo ukaleta pilau.

Si pilau ya nyumbani ya kupikia kibaba. Hii ilikuwa ya sufuria kubwa juu ya mafiga, iliki, mdalasini, bizari, nyama iliyochemka tangu alfajiri. Nilipokata kona nikakuta turubai limefunga nusu ya barabara, majamvi yametandikwa, wanaume wa kanzu na kofia wamekaa. Nilitaka kupita. Nasema kweli, nilitaka kupita. Magoti yakakunja yenyewe, nikajikuta nimekaa kwenye ukingo wa jamvi, kichwa mikononi, jasho likinitiririka machoni hadi kidevuni.

Mzee aliyekuwa karibu akanishika bega.

"Makiwa, mwanangu."

Mtu aliyelelewa pwani akiambiwa makiwa, ile pole anayopewa mfiwa, mdomo hujibu wenyewe.

"Tunayo," nikasema.

Nikasikia jamvi zima linanigeukia.

Nataka ieleweke kwamba kuanzia hapo kila nililojibu lilikuwa la kweli. Waliniuliza nimetokea wapi, nikasema Chumbageni. Wakauliza nimekuja kwa nini mbio hivi, nikasema sikuweza kusubiri. Marehemu, kumbe, alikuwa mtumishi wa reli enzi zake, miaka na miaka kwenye njia ya Tanga kwenda Moshi, ile waliyoanza kuijenga Wajerumani mwaka 1893. Na watu wa reli mnajua wanavyosemwa. Ilikuwepo tetesi ya zamani ya mtoto aliyeachwa njiani, stesheni mojawapo.

Mzee akainama sikioni kwangu. "Mama yako ni mtu wa wapi?"

"Korogwe," nikasema. Ndiko alikozaliwa.

"Laa ilaha illallah," akasema mzee, akaenda kunong'ona na wenzake.

Wakanifunga msuli juu ya bukta, maana kweli mavazi yangu hayakuwa ya khitma. Mtu akaninyooshea juzuu nisome. Nikamwambia sina udhu. Wakanielekeza kwenye ndoo, na yale maji ya usoni yakanipa nguvu ya kusimama tu, siyo ya kufikiri. Niliporudi akanijia mdogo wa marehemu, mtu mrefu mwenye miwani, wanayemwita Ami. Yeye hakuwa na machozi. Alikuwa na maswali.

"Kijana, mama yako alikuwa na ndoa?"

"Alikuwa nayo. Mpaka leo anacho cheti."

Ami akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Nyumba ya marehemu ilikuwa nyuma yake, nyumba nzuri ya bati jipya na vyumba vya kupangisha, na nikamwona anaitazama kama mtu anayeigawa upya. "Mambo haya," akasema, "tutayazungumza baada ya chakula."

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja, chakula. Nikauliza ni saa ngapi. Ami akaliona swali hilo la mtu mwenye tamaa ya mirathi.

Kisha wakamleta shangazi. Ajuza wa mashuka mawili ya kaniki, anashikiliwa mikono. Akasimama mbele yangu, akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku.

"Pua hii!" akapiga yowe. "Pua ya kaka yangu hii!"

Wanawake ndani wakapokea kilio. Mimi nikaona vinyota vinavyozunguka, nikasema kwa unyonge, "Shikamoo, shangazi," kwa kuwa mwanamke wa umri ule Tanga utamwita nini? Ndipo nikaanguka.

Nilipofumbua macho nilikuwa kivulini, na dada mmoja ananinywesha chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha kuanzisha duka. Alikuwa binti wa marehemu, muuguzi. Alinishika mkono, akatazama vidole vinavyotetemeka, akanusa kama nimekunywa, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria.

"Kaka, umekula nini leo?"

"Chai ya rangi."

"Na jana?"

Nikamtajia. Yai, matango, samaki, mchicha. Nikamtajia na kilomita. Akaniuliza uzito, urefu, umri. Huku wenzake wanalia, yeye akawa anapiga hesabu kwenye kikokotoo cha simu.

"Mwili wako huu," akasema, "ukilala tu kitandani bila kuinua mkono unatumia kama kalori 1,850. Moyo, mapafu, figo, joto la mwili, vyote hivyo havifanyi kazi bure. Kukimbia kunakula kama kalori moja kwa kila kilo ya mtu kwa kila kilomita. Kilo zako na kilomita zako saba, hiyo ni 670 hivi. Umekula 1,000. Toa."

Sikuweza kutoa. Akatoa mwenyewe.

"Umebakiwa na 330 za kuendeshea mtu mzima. Paka wa kilo nne anahitaji mia mbili na kitu. Wewe unaishi kwa chakula cha paka mmoja na nusu."

Pilau ikaletwa. Wakaniwekea sinia la peke yangu, kwa heshima ya mtoto aliyepotea. Nikala. Sina namna ya kulieleza jambo hilo kwa adabu. Dada akawa anaendelea kunisomesha huku nimeinamia ndizi na kachumbari: kwamba ini huhifadhi sukari kidogo tu, kama gramu 100, na ubongo peke yake kwa siku unataka kama gramu 120, kwa hiyo anayekimbia bila kula huanza kupoteza akili kabla hajapoteza tumbo. Kwamba kilo zile za mwanzo nilizoringia sehemu kubwa ilikuwa maji, kwani kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na gramu tatu za maji. Kwamba kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori 7,700 hivi, haiondoki kwa kununa. Mtu apunguze kama 500 kwa siku kutoka kwenye anazotumia, akihesabu na mbio zake, apate nusu kilo kwa wiki au pungufu, abaki na akili ya kujibu maswali.

Katikati ya sinia la pili akili ikarudi. Ilirudi yote kwa pamoja, kama umeme. Nikatazama msuli. Nikatazama turubai. Nikamwona Ami ameshaita mzee wa mtaa na kijana mwenye daftari.

Nikanawa mikono.

"Jamaani," nikasema, "mniwie radhi. Baba yangu mimi yupo hai. Hivi sasa yuko nyumbani kwake anasubiri mechi ya Coastal Union. Mama yangu kazaliwa Korogwe lakini ndoa yake ni na baba yangu huyohuyo. Mimi nilikuwa napita, nakimbia. Nilikuwa na njaa."

Pakawa kimya. Kijana wa daftari akashusha kalamu.

"Alhamdulillah!" akasema Ami, kwa sauti ambayo msibani haitumiki. Akanikumbatia. Akaagiza niongezwe nyama.

Shangazi ndiye aliyekataa. "Huyo mama yake kamficha," akasema, tena mara mbili. "Wanaficha. Pua haifichi." Hakunipa nafasi ya kujitetea, akanifungia pilau kwenye kontena la plastiki, akanikabidhi na kunibusu paji la uso.

Nikafika nyumbani kwa bodaboda, nimevaa msuli wa watu, pilau mkononi. Mke wangu aliniangalia toka juu mpaka chini.

"Si ulikwenda kukimbia?"

"Nilipitia msibani."

"Msiba wa nani?"

Nilimwambia akae kwanza.

Programu bado iko kwenye simu, ila kwenye haraka nimeirudisha ya chini kabisa, na kalori ninazochoma nazila sehemu kubwa. Asubuhi kabla ya mbio napiga ndizi au kitumbua kimoja. Uzito unashuka polepole sana, mpaka yule bwana wa nailoni ananionea huruma. Dada muuguzi hunitumia ujumbe wa maneno mawili, "Umekula kaka?" Shangazi kaniingiza kwenye kundi la familia la WhatsApp na amekataa nitolewe, kwa hiyo mchango wa arobaini ulipotangazwa, kila ndugu shilingi elfu ishirini, na mimi nikatoa.

Siku ya arobaini nikaenda, nimevaa kanzu, nimeshika udhu kutoka nyumbani, na nimekula. Walikuwepo jamaa wageni kutoka Moshi, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kunitazama pua. Ami akaona kutoka mbali. Khitma haijaanza, wazee hawajakaa sawa, akamwita mpishi.

"Huyu," akasema akinionyesha kidole, "mpakulieni kabla hajaulizwa kitu."