Gofu la jirani limekuwa jaa

Nyuma ya kwetu, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuna nyumba ya ghorofa mbili iliyobaki bila paa. Nilipokuwa mdogo nikipita pale nasikia redio dirishani. Sasa mti umeota juu ya ukuta, na ndani, palipokuwa ukumbi, watu wanatupa magodoro, chupa za maji, feni za plastiki. Kuna na friji isiyo na mlango. Paka kazalia humo.

Ukiuliza, utaambiwa nyumba ilichoka, ya zamani mno. Mie sikubali. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake vyembamba: boriti ilipoishia, chumba nacho kiliishia. Nyumba hiyo hujengi ukamaliza. Inataka mtu apande juu kabla ya masika, azibe panapovuja, apige chokaa, abadilishe boriti moja kabla haijaponza ya pili. Kichwa cha boriti kimo ndani ya ukuta. Kikioza huoni, mpaka siku dari inashuka.

Na wanaokarabati nao wanapaka saruji. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani na plasta inabanduka na jiwe lake. Fundi mmoja mzee aliniambia, "Mwanangu, umemvika koti la mvua mtu mwenye homa."

Jina kubwa halisaidii. Beit al-Ajaib, jumba la sultani hapa hapa mjini, ilijengwa 1883, enzi za Sultan Barghash, na tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe wote umo katika Urithi wa Dunia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, mafundi wakiwa kazini, wakafa watu wawili.

Najua sababu zinazotajwa. Warithi kumi na wanne, mmoja Muscat, mwingine Dar, hakuna anayetaka kununua gunia la chokaa peke yake. Nyumba nyingine zilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na mpangaji gani atakarabati ukuta usio wake? Haya ni kweli. Lakini fedha ipo, nenda Fuoni, nje ya mji, ukahesabu matofali ya nyumba mpya. Nyumba tunaipigia hesabu ya feni: kusuka mota kunakaribia bei ya feni mpya, basi itupwe. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" tumeikariri tangu skuli, ila siku hizi hata huo ukuta hatujengi, tunahama.

Feni ukiitupa haimuangukii mtu. Gofu la nyuma linashiriki ukuta mmoja na sisi, na masika yaliyopita ukuta ulianza kufanya tumbo upande wetu. Warithi tumewapigia simu. Kila mmoja anatutuma kwa mwenzake. Mama kahamishia kitanda chake chumba cha mbele.