Pesa za kuonyesha tu

Kinachoniudhi kwenye kusoma nje si ada. Ada unaijua mapema, unajipanga. Ni hizi pesa za kuonyesha unapoomba viza, kwamba utamudu maisha huko! Uingereza wanataka zikae benki siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, unaanza kuhesabu upya. Halafu kuna tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka, na unalipa ya kozi nzima kwa mkupuo, viza yenyewe bado hujapewa. Ujerumani nako unafungia yuro 11,904 kwenye akaunti maalumu, unachotewa 992 kila mwezi. Angalau hizo utazila mwenyewe. Lakini mzazi anayedunduliza mwezi hadi mwezi azitoe wapi zote kwa mara moja? Mtoto kafaulu, barua ya chuo anayo, anakwamishwa na salio. Si waruhusu watu walipe kwa awamu!