Mabinti wa steshenari wa Tanga kazi washaianza, mafunzo ndo hawajapewa

Mimi mtoto wa Ngamiani, nimezaliwa Bombo nimekulia barabara za namba, saa hizi niko Uingereza mwaka wa kumi na moja, mji unaitwa Milton Keynes. Miaka ya mwanzo nilibeba maboksi, na nikisema maboksi simaanishi ule msemo wetu wa ughaibuni, ni maboksi kweli, ghalani, usiku kucha, skana mkononi mgongo unawaka moto. Leo nakaa ofisini, kazi yangu kupima programu kabla hazijaenda kwa wateja, yaani natafuta inapokosea. Naanza na hilo kwa sababu yote nitakayosema hapa yametoka kwenye namna nilivyovuka kutoka lile ghala mpaka kwenye hiki kiti.

Nilivuka mwaka 2021, nina miaka 31 na mtoto wa miaka mitatu. Dada mmoja Mnigeria tuliyekuwa naye zamu moja aliniambia kuna kozi fupi serikali inazilipia huku England, zilianza 2020, wiki zisizozidi 16, ukiwa na miaka 19 na kuendelea unaomba, na mwisho wa kozi unahakikishiwa usaili wa kazi. Mi nikajua naambiwa hadithi. Cheti changu cha fomu foo hesabu nilipata F, nikasema hawa wakikiona tu basi. Hawakukiuliza. Walinipa mtihani wa dakika kama arobaini wa kufikiri, hiki kikitangulia na hiki kikafuata nini kitatokea, nikafaulu, nikasoma jioni mara mbili kwa wiki na Jumamosi, mtoto amelala nimevaa spika za masikio. Usaili wa kwanza nilikosa, wa pili nikakosa, wa tatu nikapata.

Sasa Tanga mwaka 2009 nilisoma pia kompyuta, tena kwa hela. Mama aliuza mkufu. Kituo chenyewe sikitaji, kilikuwa mjini, miezi mitatu, kompyuta sita wanafunzi zaidi ya ishirini, na kila mashine aliyekaa kwenye kibodi mvulana, sisi wasichana tumesimama nyuma yake au tumekaa pembeni tunanakili ubaoni "kompyuta ni mashine ya kielektroniki inayopokea data..." nakumbuka mpaka leo neno kwa neno. Siku niliyoomba kushika mausi mwalimu alisema andikeni kwanza mtashika wiki ijayo, na wiki ijayo umeme ulikatika. Mwisho nikapewa cheti kizuri kina muhuri mwekundu, mama akakitia fremu, na mimi folda sijui kuifungua. Hiyo iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu ule mkufu haukurudi.

Watu wakisikia habari yangu wanasema ah, Ulaya kuna fursa. Jamani hapana, sikilizeni kwanza, maana hata huku wanawake kwenye hizi kazi ni wachache, timu yangu watu tisa wanawake tuko wawili, na mwenye mtandio ni mimi peke yangu. Tofauti niliyoiona mimi iko kwenye mlango. Huku mlango wa pili upo. Ulikosa ukiwa na miaka kumi na nane, unarudi na thelathini na moja, unarudi na mtoto, hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Kwetu mlango ni mmoja, unaitwa matokeo ya fomu foo, ukifungwa umefungwa, na kwa mtoto wa kike unafungwa mapema zaidi. Nilisoma na binti mmoja kidato cha pili, hesabu akitufundisha sisi, akapata ujauzito akatolewa, na ile ruhusa ya waliojifungua kurudi shule serikali imeitangaza Novemba 2021, ye wakati huo ana watoto watatu anauza vitumbua. Kitabu chake cha madeni ukikiangalia utalia, kimepangwa kama mahesabu ya benki.

Desemba iliyopita nilikuja nyumbani nikakaa wiki nne, na siku nyingi nilikuwa nashinda steshenari anapofanya kazi mdogo wangu, binti wa mama mdogo. Steshenari za kwetu mnazijua, kaunta ya kioo, mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, feni, benchi la wateja. Akaja baba mmoja na kijana wake kutoka huko Pongwe wanataka kujaza fomu ya kuomba chuo mtandaoni. Mdogo wangu akakusanya karatasi zote akazipanga kwenye kaunta kama anapanga karata, hajagusa kibodi bado, akaziangalia moja moja, halafu akasema, "Baba, humu kwenye cheti cha kuzaliwa ameandikwa Bakari, huku cha fomu foo ameandikwa Bakary, mfumo utamkataa, kwanza tulimalize hili." Yule baba akaishia kusema, "Hee mwanangu, tumekaa na vyeti hivi miaka yote hatujaona." Picha ya kijana nayo ilikuwa kubwa kuliko mfumo unavyotaka, akaikata, akaipunguza KB, akaiaplodi, mtandao ukagoma katikati, na ye kumbe kila ukurasa alikuwa anausevu kabla hajaendelea, kwa hiyo hakikupotea kitu.

Mimi nimesimama pale nyuma yake nikasema moyoni wallahi hii ndo kazi yangu. Kukagua data kabla haijaingia, kujua mfumo utakwama wapi, kujilinda mtandao ukikatika. Mi nalipwa mshahara kwa hilo, ye analipwa elfu tano kwa siku na akiumwa halipwi.

Ila nikaona na kingine. Chini ya kaunta ana daftari, kaunta buku ile kubwa, na humo kaandika majina ya wateja wake wote na paswedi zao, wa mikopo, wa vyeti, wa ajira, kwa sababu wanazisahau wanarudi kumsumbua. Watu zaidi ya mia. Daftari linakaa hapo wazi na duka linalala na mlinzi. Nikamuuliza mdogo wangu, hili likiibwa? Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada hakuna mtu aliwahi kuniambia." Na ni kweli, nani amwambie? Kila anachojua kajifunza mwenyewe kwa kukosea mbele ya mteja, na pale ambapo kosa halijatokea bado hajui kama pana kosa. Mafunzo ndo kazi yake hiyo, kukuonyesha shimo kabla hujatumbukia.

Kwa hiyo mimi nikisikia watu wanasema wasichana wa Tanga hawapendi teknolojia huwa naumia kweli. Wako Ngamiani, wako Makorora, wako Chumbageni, wako Duga, kila mtaa una steshenari na kila steshenari ina binti mmoja anayeubeba mtaa mzima mgongoni mwake. Bila yeye nusu ya watoto wetu wasingeomba chuo. Tunamwita "dada wa fotokopi".

Hapa ninapokaa, mwendo wa basi tu, kuna sehemu inaitwa Bletchley Park, ndipo Waingereza walipokuwa wanafungua siri za Wajerumani kwenye Vita ya Pili. Nilipelekwa na kozi. Kufikia mwisho wa vita robo tatu ya waliokuwa wanafanya kazi pale walikuwa wanawake, na ile mashine yao ya Colossus ya mwaka 1944, ambayo inahesabiwa kati ya kompyuta za kwanza duniani, walioiendesha usiku na mchana walikuwa mabinti wa jeshi la majini, wengi umri wa huyu mdogo wangu. Vita ikaisha wakaambiwa wanyamaze na warudi nyumbani. Yaani huku pia walishawahi kuwa na mabinti wao wa kaunta wakawasahau. Siku ile sikuongea njia nzima ya kurudi.

Na kuna mama mmoja nimempenda sana habari zake, Stephanie Shirley. Aliingia Uingereza 1939 mtoto wa miaka mitano, mkimbizi, bila wazazi. Mwaka 1962 akaanzisha kampuni ya kuandika programu kwa paundi sita, na waajiriwa aliowatafuta ni wanawake walioacha kazi sababu ya ndoa na watoto. Walifanya kazi nyumbani, penseli na karatasi, programu inatumwa kwa posta, simu inapigwa mtoto analia nyuma. Barua zake za biashara zilikuwa hazijibiwi mpaka alipoanza kusaini kwa jina la kiume, Steve. Katika watu mia tatu wa mwanzo wanaume walikuwa watatu tu, na programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde waliiandika wao. Hiyo ni miaka sitini iliyopita, hamna intaneti. Mwanamke wa Tanga leo ana simu mkononi, tunamwambiaje kwamba watoto ndo kikwazo?

Tena kwenye watoto sisi tuna utajiri ambao huku hawana. Mimi kumpeleka mwanangu kwa walezi ili niende kazini, miezi mingine ilikuwa inakula zaidi ya nusu ya mshahara. Sina mama hapa, sina shangazi, jirani namjua kwa gari lake. Tanga mtoto ana bibi, ana wifi, ana nyumba ya tatu kushoto ambako atakula bada na samaki na hakuna atakayekudai. Ningekuwa na mama yangu karibu ile kozi ningeisoma bila kusubiri mtoto alale.

Kinachotushinda Tanga ni saa. Darasa linaisha saa mbili usiku, binti anarudije Mikanjuni? Kwa bodaboda, mama yake amesimama mlangoni roho juu, baba keshasema kesho haendi. Nawaelewa kabisa hao wazazi. Basi darasa liwe saa tatu asubuhi mpaka saa sita, watoto wakiwa shule, au Jumamosi, na liwe mtaani kwao, ukumbini kwa mtu, maktaba ya mkoa, popote pa heshima ambapo mama anaweza kuchungulia. Na yule wa steshenari alipwe ile elfu tano yake ya siku anayokuja darasani, la sivyo haji, na akikosa kuja msimwite mvivu.

Na lugha, hapa nasema kwa ukali kidogo. Mimi nilisoma kompyuta kwa Kiingereza Tanga sikuelewa, nikaja kusoma kwa Kiingereza Uingereza nikaelewa kwa sababu kila usiku nilikuwa nakigeuza kichwani kuwa Kiswahili. Ile databesi, yaani pale programu inapotunza taarifa zake, mi niliielewa siku nilipoifikiria kama daftari la kikoba. Kila mwanachama na namba yake, hisa zake ukurasa huu, mkopo wake ukurasa ule, faini pale, na namba ndo inaunganisha vyote. Kikoba cha mama kina wanawake thelathini, katibu wao hajamaliza la saba na hajawahi kukosea shilingi. Huyo mama databesi anaijua, hajui tu jina lake. Maneno ya Kiingereza atayashika baadaye, akishajua kitu chenyewe.

Januari niliporudi huku tukaanza hilo na mdogo wangu kwa wasap, kikoba cha mama tunakiweka kwenye Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu. Jumapili mbili za kwanza alikuwa anaandika jumla kwa mkono, anapiga kalkuleta pembeni halafu anajaza, nikamwacha. Ya tatu nikamwonyesha fomula moja. Akanitumia sauti ya dakika nne, anacheka na kulia pamoja, anasema dada yaani nimebadilisha hisa za mtu mmoja na vyote vimejibadilisha. Tangu hapo ye ndo ananiuliza, juzi kauliza namna ya kufunga safu isiguswe na mtu mwingine. Na lile daftari la paswedi kalichoma, sikumwambia achome, kakaa na kila mteja akamwonyesha namna ya kuirudisha mwenyewe akiisahau.

Semina za siku moja zenye fulana na picha ya pamoja mimi naomba ziishe. Nimezihudhuria, nina fulana tatu. Mtu hapati fani kwa siku moja, hata kusuka mkeka hapati. Tanga hii ndipo ilipoanzia shule ya kwanza ya serikali zama za Wajerumani, ilitoa makarani waliosambaa ofisi za pwani nzima, na hawakufundishwa kwa siku moja, walikaa miaka. Wote walikuwa wavulana. Saa hizi pale mjini kuna bandari, kuna viwanda vya saruji, mashamba ya mkonge, saccos, hospitali, mashule, na kila mmoja ana mfumo unaokwama na anamsubiri fundi kutoka Dar.

Agosti nakuja wiki tatu. Nakuja na laptopu nne, zimetumika ila nzima, ofisini kwangu walikuwa wanazibadilisha nikaziomba. Tutakaa ukumbini kwa mama, saa tatu mpaka saa sita, mabinti wanane wa steshenari, watoto waje nao, mama na shoga zake wamesema watawaangalia. Wiki tatu hazitoshi najua, ndo maana natafuta wa kuendelea nikiondoka. Mwalimu mmoja wa sekondari kakubali Jumamosi. Nahitaji mtu wa Jumanne na Alhamisi, awe anakaa Tanga, awe mvumilivu, na awaachie kibodi waishike wao.